Upendeleo kwa nyota unavyozigawa timu

UCHAMBUZI

Na Mwandishi Wetu

KATIKA soka la mchangani, neno mamluki halihitaji ufafanuzi. Ni mchezaji anayekodiwa kutoka nje ya kijiji au mtaa siku mbili tatu kabla ya mechi kubwa, akalipiwa nauli, akalishwa vizuri kuliko wenzake na kupewa bahasha yake pembeni.

Kijana aliyecheza tangu mzunguko wa kwanza kwa viatu vyake mwenyewe, na pengine kwa jezi aliyoichangia, siku hiyo hukaa benchi. Timu ikishinda, naye hushangilia. Ikifungwa, maswali huanza: mamluki alilipwa kiasi gani, nani aliamua, na sisi tuliotoka jasho tangu mwanzo tumepata nini?

Swali la namna hiyo lina uzito wa pekee katika kijiji kama Genkuru, wilayani Tarime, mkoani Mara, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Huko mjadala wa nani anapata nini na kwa utaratibu upi ni wa miaka mingi, na haukuanzia uwanjani. Anayeishi kando ya utajiri hujifunza mapema kuuliza kanuni ya mgawo.

Swali hilo hilo limezitikisa klabu kubwa za Tanzania katika miaka ya karibuni. Tofauti ni kwamba mijini bahasha huitwa mkataba, na chakula kizuri huitwa maslahi.

Mashabiki wengi huamini kuwa kinachovunja timu ni wivu wa wachezaji wa kawaida dhidi ya mwenzao anayelipwa zaidi. Mifano ya ndani na nje ya nchi inaonyesha jambo tofauti kidogo. Wachezaji huvumilia mshahara mkubwa wa mwenzao wanapoiona kazi yake uwanjani. Wasichokivumilia ni tofauti isiyokuwa na maelezo, na sheria inayomkamata mmoja huku ikimwacha mwingine.

Ugali kwa sukari

Mfano uliozungumzwa kuliko yote ni ule wa kiungo Feisal Salum, maarufu Fei Toto, aliyejiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea Zanzibar. Katika msimu wa 2021/22, Yanga ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu bila kupoteza mchezo hata mmoja, alikuwa miongoni mwa wachezaji wazawa waliong'ara.

Desemba 2022 mashabiki walipigwa na butwaa. Fei Toto alitangaza kuachana na klabu hiyo ilhali mkataba wake ulikuwa unaendelea hadi mwaka 2024. Aliingiza katika akaunti ya klabu Sh112 milioni, akieleza kuwa Sh100 milioni ni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni ni mishahara ya miezi mitatu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua macho ya umma. Mishahara ya miezi mitatu ikiwa Sh12 milioni, maana yake ni kwamba mmoja wa viungo bora wazawa nchini alikuwa akilipwa Sh4 milioni kwa mwezi.

Kwa mfanyakazi wa kawaida wa mjini hizo ni fedha nyingi. Lakini mchezaji hajilinganishi na karani wala mwalimu, hujilinganisha na mtu anayevaa naye jezi moja. Wakati huo kanuni za ligi ziliruhusu klabu kusajili wageni hadi 12, na Yanga ilikuwa na nyota wa kigeni kama Fiston Mayele kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Djigui Diarra wa Mali na Khalid Aucho wa Uganda.

Kauli ya mama yake mzazi kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari ilizagaa nchi nzima. Wapo walioicheka na kuigeuza utani wa vijiweni. Hata hivyo, chini ya utani huo kulikuwa na hoja nzito: ndani ya timu moja inayopigania kombe moja, kulikuwa na watu waliojiona wanaishi maisha mawili.

Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) iliamua Januari 2023 kuwa Fei Toto bado ni mchezaji halali wa Yanga. Maombi yake ya mapitio nayo hayakufua dafu. Kwa upande wa sheria, klabu ilikuwa imeshinda.

Kilichofuata ni miezi ya ukimya uwanjani na kelele nje ya uwanja. Suala hilo lilifika hadi Ikulu, ambako Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mwenyeji wa Yanga baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliutaka uongozi wa klabu hiyo ulimalize. Siku chache baadaye Azam FC ilimtambulisha mchezaji huyo.

Hasara isiyoonekana kwenye msimamo

Watetezi wa Yanga wana hoja, na ni hoja ya haki. Timu haikuyumba kwa kuondoka kwa nyota huyo. Ilimsajili Mudathir Yahya Januari 2023, ikatetea ubingwa wa ligi, ikatwaa Kombe la Shirikisho la nyumbani na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako iliishinda USM Alger ya Algeria 1-0 ugenini lakini ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam.

Kwa hiyo asemaye kuwa tofauti ya maslahi huiangusha timu papo hapo hana ushahidi katika kisa hiki. Klabu yenye kikosi kipana na kocha imara inaweza kumpoteza mchezaji mmoja na ikaendelea na safari.

Hasara ipo kwingine. Klabu ilimpoteza mchezaji iliyemkuza, ikatumia nusu msimu kwenye vikao vya mashauri badala ya kumtumia uwanjani, na kisha ikakutana naye akiwa na jezi ya mpinzani. Katika msimu wa 2023/24 Fei Toto alifunga mabao 19 ya Ligi Kuu, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21, na Azam ikamaliza nafasi ya pili mbele ya Simba.

Wawili hao waliokuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo walimaliza msimu wakiwania kiatu kimoja cha mfungaji bora, kila mmoja akiwa klabu yake. Aliyeonekana kuwa wa kawaida alikuwa nyota pia. Ilitosha klabu kuutazama upya mkataba wake kabla hajaanza kutazama mlango.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Upendeleo kwa nyota hauna budi kupimwa kwa anachopata aliye karibu naye. Klabu inayopandisha dau la wageni wapya bila kuwarudia waliokuwapo hujitengenezea mlalamikaji ndani ya nyumba yake.

Msamaha wa safari

Tatizo hili si la Afrika Mashariki pekee, wala si la nchi maskini. Mwaka 2007 klabu ya besiboli ya New York Yankees ya Marekani ilimsajili mkongwe Roger Clemens katikati ya msimu kwa mkataba wa takriban dola milioni 28 kwa hesabu ya msimu mzima, naye akalipwa sehemu ya muda aliocheza.

Fedha hizo hazikuwa gumzo kubwa miongoni mwa wenzake. Gumzo lilikuwa ruhusa aliyopewa ya kutosafiri na timu katika baadhi ya michezo ya ugenini ambayo hakupangwa kucheza, ili akae na familia yake. Ruhusa kama hiyo alikuwa nayo pia alipokuwa Houston Astros.

Kwa asiyeufahamu mchezo huo, ruhusa hiyo ina mantiki yake. Katika besiboli mrushaji mpira anayeanza mchezo hucheza mara moja kila baada ya siku kadhaa, kwa sababu mkono wake huhitaji mapumziko. Siku nyingine hukaa tu na kutazama.

Lakini aliyelalamika hadharani alikuwa Kyle Farnsworth, mrushaji wa akiba wa timu hiyo hiyo. Kazi ya mrushaji wa akiba ni tofauti kabisa: anaweza kuitwa usiku wowote, hivyo hana budi kuwapo kila siku. Hoja yake ilikuwa nyepesi, kwamba aliye mwanatimu anapaswa kuwa pamoja na timu.

Yankees walifuzu hatua ya mtoano mwaka huo na kutolewa mapema na Cleveland. Haitakuwa haki kumbebesha Clemens lawama za kutolewa huko. Inayobaki kuwa ya kweli ni kwamba ruhusa iliyokubaliwa na uongozi, tena kwa sababu inayoeleweka, bado ilimchoma mtu ambaye kazi yake haikumpa nafasi ya kuomba ruhusa ya namna hiyo.

Uongozi hutazama upendeleo kwa jicho la faida: je, nyota akiridhika atacheza vizuri zaidi? Mchezaji wa pembeni huutazama kwa jicho la heshima: je, mimi nina thamani gani hapa? Maswali hayo mawili hayajibiwi kwa jibu moja, na kocha anayejibu la kwanza pekee hujikuta na nusu ya timu.

Amunike na saa ya kambi

Tanzania nayo ina mfano wa kocha aliyejibu yote mawili. Agosti 2018 Emmanuel Amunike wa Nigeria alikabidhiwa Taifa Stars. Yeye mwenyewe alikuwa nyota mkubwa: alifunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994 dhidi ya Zambia, akawa mchezaji bora wa Afrika mwaka huo na baadaye akaichezea Barcelona.

Kikosi chake cha kwanza kilikuwa kinajiandaa kuikabili Uganda mjini Kampala. Wachezaji kadhaa wa Simba, waliokuwa mabingwa wa nchi, walichelewa kuripoti kambini. Miongoni mwao walikuwamo nahodha wa Simba John Bocco, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Kocha huyo mgeni, ambaye hakuwa amekaa nchini hata miezi miwili, aliwaondoa kikosini.

Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema anaiua timu kabla haijazaliwa, kwa kuwa hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Wengine walisema saa ya kambi ni moja kwa mchezaji wa Simba na kwa mchezaji wa klabu ndogo aliyesafiri kwa basi usiku kucha.

Septemba 8, 2018 Stars ilitoka sare ya 0-0 na Uganda katika Uwanja wa Mandela, Namboole. Haikushinda, lakini haikufa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni lililofuata. Adhabu haikugeuzwa kuwa uadui. Nyoni alirejea kikosini, na Machi 24, 2019, Tanzania ilipoifunga Uganda mabao 3-0 Dar es Salaam, yeye ndiye aliyefunga bao la pili kwa penalti baada ya lile la Simon Msuva. Aggrey Morris akamaliza kazi, na nchi ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980.

Nidhamu si hirizi. Katika fainali hizo nchini Misri, Stars ilipoteza michezo yote mitatu ya kundi lake, na Julai 2019 Amunike akaondolewa. Lakini hakuna mchezaji wa timu ile aliyeweza kusema kuwa kulikuwa na sheria ya wakubwa na sheria ya wadogo.

Mlango wa jirani

Kwa klabu, kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu nyota akiadhibiwa daima kuna jirani anayemsubiri kwa mikono miwili.

Kisa cha Mghana Bernard Morrison kinaeleza yote. Machi 8, 2020 alifunga bao pekee la Yanga dhidi ya Simba kwa mpira wa adhabu, akawa mfalme wa Jangwani. Miezi mitano baadaye alikuwa Msimbazi, baada ya mzozo wa mkataba ulioamuliwa kwa faida yake na TFF, na hatimaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikaitupa rufaa ya Yanga mwaka 2021.

Februari 2022 Simba ilimsimamisha kwa tuhuma za utovu wa nidhamu. Alirejea, kisha Mei mwaka huo klabu ikampa mapumziko hadi mwisho wa msimu. Julai 2022 Yanga, iliyokuwa imeshitakiana naye hadi CAS, ilimpokea tena kwa shangwe.

Mchezaji wa akiba aliyekuwa Yanga muda wote huo, akifika mazoezini kwa wakati na kutekeleza kila alichoambiwa, alipata ujumbe gani? Hakuna kiongozi aliyehitaji kuutamka.

Desemba 2023 Simba ilimsimamisha Mzambia Clatous Chama pamoja na Nassor Kapama kwa sababu za kinidhamu. Chama alikuwa kipenzi cha mashabiki na mmoja wa wachezaji walioibeba klabu hiyo katika michuano ya Afrika. Kapama hakuwa na jina kubwa kama hilo. Kuwekwa kwa majina hayo mawili katika tangazo moja kulikuwa na maana kubwa kuliko maneno ya tangazo lenyewe.

Chama alirudi kikosini baada ya muda. Julai 2024, mkataba wake ulipomalizika, Yanga ilimtangaza kuwa mchezaji wake. Kwa mara nyingine jirani alikuwa ameacha mlango wazi.

Ushindani huo wa watani ndio unaowafanya viongozi waogope kumgusa nyota. Kila mmoja anajua kuwa akimwadhibu leo, kesho atalaumiwa na wanachama wake kwa kumpeleka kwa mpinzani. Nyota naye anajua kuwa viongozi wanaogopa. Wenzake chumbani wanajua kuwa yeye anajua.

Nyota anapowabeba wenzake

Si kila nguvu ya nyota huwaumiza wenzake. Novemba 2011 wachezaji wa Cameroon waligoma kwenda Algeria kucheza mechi ya kirafiki wakidai posho zao. Aliyekuwa mbele ya mgomo huo ni nahodha Samuel Eto'o, wakati huo akiwa Anzhi Makhachkala ya Urusi na akiwa mmoja wa wanasoka waliolipwa zaidi duniani.

Eto'o hakuzihitaji posho zile. Waliozihitaji ni wenzake wasiokuwa na majina. Alifungiwa michezo 15, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa.

Mtu anaweza kubishana kuhusu njia aliyoitumia. Lakini tukio hilo linaonyesha kuwa wachezaji hawamchukii nyota kwa sababu ni nyota. Wanamtazama anaitumia wapi nafasi aliyo nayo: kujitafutia chumba cha peke yake hotelini, au kugonga meza kwa niaba ya kijana ambaye sauti yake haisikiki.

Kanuni kabla ya bahasha

Klabu haziwezi kuwalipa wachezaji wote sawa, na hakuna anayezitaka zifanye hivyo. Mfungaji wa mabao 20 ana bei yake sokoni, na mwenye kipaji adimu ana haki ya kukiuza.

Kinachowezekana ni kutenganisha mambo mawili. Mshahara uwe siri ya mchezaji na klabu, na utofautiane kwa kadiri ya uwezo. Lakini saa ya kambi, utaratibu wa safari, chumba, faini ya kuchelewa na posho ya ushindi viandikwe, visomwe mbele ya wote, na viwahusu wote. Nyota akipewa ruhusa maalumu, sababu yake ielezwe kwa wenzake kabla hawajaisikia vijiweni.

Aidha, klabu inaposajili mgeni kwa dau kubwa, iwe na desturi ya kuketi na wale waliokuwapo na kuitazama mikataba yao. Gharama ya kikao hicho ni ndogo kuliko gharama ya kesi.

Mashabiki wa Mara wanafahamu kuwa utaratibu una thamani kuliko jina. Oktoba 2021, Biashara United ya Musoma, timu isiyokuwa na mchezaji wa mamilioni, iliifunga Al Ahly Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika. Haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, ikaondolewa mashindanoni. Wachezaji walikuwa wametimiza wajibu wao. Safari ndiyo iliyokosekana. Mwishoni mwa msimu huo ikashuka daraja.

Ndiyo maana kijana wa Genkuru anayekaa benchi ili kumpisha mamluki hana tofauti kubwa na mchezaji wa Ligi Kuu anayemsubiri nyota aliyechelewa kambini. Wote wawili wako tayari kumpisha aliye bora. Wanachoomba ni kuambiwa kanuni kabla mechi haijaanza.